Bibi Amemzuia Mwanangu, na Sindano Yake ni Ijumaa

Huyu ni mama wa huko Mbulu. Jina lake tumebaki nalo sisi, maneno ni yake.

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi hujambo. Shikamooni wakubwa wote mnaosoma hapa, wadogo hamjambo. Sisi huku Maretadu tupo. Mama yangu mzazi ni mzima, mguu tu unamsumbua baridi ikizidi. Mtoto wangu wa kwanza hajambo, yuko kidato cha pili. Wa mwisho hajambo, anaota meno. Baba yao ni mzima, anakula na kulala vizuri kabisa kama mtu asiye na shida. Wa katikati sijamtaja kwa sababu hayupo nyumbani, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira hivi.

Nina miaka thelathini na minne. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea mnisamehe. Huyo wa katikati ni binti wa miaka tisa, nitamwita Nema, si jina lake.

Mwaka jana tukiwa tunapalilia maharage, Nema aliumwa koo. Homa kali, hata uji hamezi. Nilitaka nimpeleke kituo cha afya. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Gehandu, akamfunua mdomo, akasema, "Hiki ni kimeo, kimeshuka. Hospitali watakuchezea tu." Kwetu kile kinyama kinachoning'inia kooni kinakatwa, hata mimi nilikatwa. Akaitwa mzee anayekata. Ndugu zangu, sitajificha: mimi ndiye niliyemshika mwanangu miguu. Alinitazama machoni mpaka mwisho. Homa ikashuka, na mama mkwe akazunguka kitongoji kizima anajisifu.

Kama miezi miwili baadaye mtoto akabadilika, tena ndani ya wiki moja. Kikombe kinamponyoka. Bega linaruka lenyewe, uso unakunjamana, ulimi unatoka. Mwandiko wake uliokuwa mzuri ukawa kama kuku amepita kwenye majivu. Analia, mara anacheka. Ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka, na kila saa ananiuliza, "Mama, hutakufa leo?" Nikimjibu, anauliza tena.

Shuleni wakamchapa, eti anamkunjia mwalimu uso. Nilikwenda. Nikasema, "Mwalimu, huyu mtoto anaumwa."

"Mama, anakuchezea akili. Akilala anaruka?"

"Akilala anatulia."

"Umeona? Anajua anachofanya."

Nilirudi nalia njia nzima. Nyumbani nako mama mkwe akapiga simu: "Ameguswa na wale pepo wa chemchemi. Nani alimtuma maji jioni? Si wewe?"

Nikambeba mwenyewe mpaka hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamwambia Nema atoe ulimi na autulize. Akashindwa. Akamwambia amshike yeye daktari vidole na kuvibana. Akashindwa. Akaniuliza, "Akilala je?" Nikaogopa kujibu, nikajua na huyu atasema anajifanya. Nikasema anatulia. Akasema, "Ndivyo ugonjwa huu ulivyo." Jamani! Kilekile walichomchapia mwanangu!

Akanieleza taratibu. Vile vijidudu vya koo havikupata dawa. Mwili ukapigana navyo, ukakosea, ukaupiga na ubongo. Hajarogwa, hana kichaa. Lakini achomwe sindano kila baada ya wiki nne, kwa miaka, kwa sababu koo likirudi, ugonjwa unaweza kurudi na moyo ukaharibika. Nikamwuliza, na kimeo? Akasema, "Kimeo hakikuwa na kosa lolote, mama. Alihitaji dawa ya koo." Nilitamani ardhi inimeze.

Amechomwa sindano tatu. Bega limetulia, kikombe anashika, ameanza kuniambia mambo ya wenzake. Shule zilipofungwa, mimi niko mashineni kusaga, baba yake akamruhusu bibi amchukue "akasalimie". Sasa bibi hamrudishi. Ameshachinjiwa kondoo huko, wanasema huyo kondoo ndiye aliyemponya. Nilipiga simu.

"Mama, mrudishe mtoto, ana sindano!"

"Shikamoo hujanipa, unaanza kunipigia kelele?"

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akakata simu.

Mume wangu nikimwambia, ananijibu, "Mimi mama alinikata kimeo, nikapona."

"Ndiyo maana unakoroma kama mashine ya kusaga!" nilimwambia, na sijutii. Hapo akakasirika, akasema nikienda kumtoa mtoto kwa nguvu nitakuwa nimemtukana mama yake, basi nisirudi kwake. Wifi zangu nao wanacheka, eti nimesoma darasa la nne sasa nimekuwa daktari. Sijawa daktari. Mara ya kwanza niliwasikiliza wao, nikamshika mwanangu miguu. Mara ya pili nani atakuja kumshika, na mimi nimekaa nyumbani naheshimu wakubwa?

Jana jirani wa kule alimpa Nema simu kwa siri. Sauti ilikuwa imekauka. "Mama, koo linaniuma tena. Usimwambie bibi kama nimekwambia."

Sindano ni Ijumaa, na leo ni Jumatano. Niende na mwenyekiti wa kijiji? Nianzie ustawi wa jamii, au nipande gari mwenyewe nikamchukue, ndoa ivunjike kama inavunjika? Na aliyewahi kuuguza mtoto hivi aniambie, kuchelewa kwa siku chache kuna madhara gani? Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni leoleo, msingoje kesho. Mtandao huku unashika nikipanda kilimani tu, nitapanda alfajiri kusoma, na gari la kwanza linapita saa kumi na mbili.