Fundi wa meno na ndege isiyotua

Asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, fundi wa meno anawasha taa ya spiriti, anapasha nta moto na kuanza kuchonga gurudumu. Ni dogo kuliko punje ya dengu. Analigeuzageuza kwenye ncha ya kibano, analipuliza vumbi, analitazama kwa lenzi aliyoifunga kwenye miwani yake kwa uzi, kisha anasonya.

"Limeenda upande hili. Ndege ikitua nalo inapinduka."

Analitupa kwenye kopo na kuanza jingine. Pembeni yake taya la plasta la mteja fulani limekaa wazi, linasubiri meno. Litasubiri sana. Mama mzazi wa fundi amelala chumba cha pili, nyuma ya ukuta huu, na daktari amewaambia wamrudishe nyumbani akapumzike. Hakuna asiyeelewa daktari anaposema hivyo.

Mtaani wanamwita Rubani. Ni utani tu, maana hajapanda ndege tangu azaliwe. Kazi inayomweka mjini ni meno ya bandia: anachukua umbo la kinywa kwa nta, anamimina plasta, anachanganya unga wa pinki na maji yake makali yanayowasha macho, anapika, anasaga, anang'arisha. Seti moja ya meno ikipatikana kwa wiki, kodi ya chumba inalipika. Isipopatikana, anajifanya hasikii mwenye nyumba akikohoa mlangoni.

Ndege ndogo za mfano anazochonga hazimlipi chochote. Zinaning'inia darini kwa nyuzi za kusafishia meno, nyingine zimeshika vumbi, zote za vita vile vifupi vya mpakani ambavyo vitabu vya shule vimevipa mistari miwili. Vilianza na mvua za masika, na mvua zilipokatika navyo vikaisha. Havina mnara wala siku ya kukumbukwa. Waliopigana angani walirushwa kwa ndege ndogo za mafunzo, za pangaboi moja puani, zilizofungwa mabomu haraka haraka kama mtu anayefunga mizigo ya kuhama.

Anazitengeneza kwa mabaki ya kazini. Mabawa ni unga ule ule wa meno, vioo ni resini angavu, rangi ni ya kucha.

"Ukiikwangua yoyote, ndani ni pinki kama ufizi," anasema na kucheka. "Jeshi zima la anga limetoka kinywani."

Mke wake, anayepita na ndoo ya maji, hacheki. "Wenzangu wana wake wenza wenye miguu. Wangu wana mabawa," anasema. "Na hao ndio wananunuliwa rangi ya kucha."

Utani unaishia hapo, kwa sababu ndege ya kwanza kuitengeneza ilikuwa ya kaka yake.

Fundi alikuwa bado mtoto, wa kutumwa dukani na kusahau chenji. Asubuhi moja ndege ya kaka yake, rubani katika vita vile, ilipita juu ya paa la nyumba yao, chini kabisa, ikayumbisha mabawa kulia na kushoto kuwaaga. Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Magurudumu yalikuwa yameshakunjwa, tumbo la ndege jeupe tupu. Ikapotelea mawinguni, na haikurudi.

"Walikuja watu wawili na gari," anasema. "Wakasema hajulikani alipo. Basi. Hawakutuletea hata soksi."

Tangu alipojifunza ufundi huu amekuwa akiitengeneza ndege ile, na nyingine za marubani waliorushwa pamoja na kaka yake. Familia zilizosikia habari zake humletea picha iliyokunjwakunjwa, na yeye hukusanya, hulinganisha, huchonga. Zote huzichonga zikiwa hewani, magurudumu ndani, kama alivyoiona yeye. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mama yake alikuwa akizitazama kutoka mlangoni. Hakuzigusa hata mara moja. Kisha macho yake yakaharibika, kwanza moja, halafu la pili, na mwezi uliopita, akiwa tayari hatoki kitandani, aliomba aletewe ile ndege ya mwanawe aishike.

Aliipapasa kuanzia puani hadi mkiani. Akaigeuza, akapitisha kidole tumboni, akarudia.

"Mbona hii haina miguu?" akauliza.

"Imekunja, mama. Iko angani."

"Miaka yote hii bado iko angani?" Akamrudishia. "Ndiyo maana mwanangu hafiki. Umemfanyia ndege isiyoweza kushuka."

Fundi anaposimulia hili anaacha kuchonga. Anasema alitoka nje, akasimama kando ya mtaro, akalia akiwa amevaa aproni yenye plasta, na watu wakadhani amefiwa.

Tatizo ni kwamba magurudumu hakuwa anayajua. Picha zote alizonazo ni za ndege zikiwa juu. Aliyemwokoa ni mteja, mzee aliyewahi kuwa makanika wa uwanja wa ndege, ambaye alikuja bila jino hata moja na kuchora miguu ile mezani kwa kidole, kwenye unga wa plasta. Alichora mitatu, mmoja chini ya pua, na wa kushoto una kifuniko kilichopinda kidogo. Fundi aliinakili kabla mtu hajakohoa na kuupeperusha unga.

Alasiri magurudumu yote matatu yameshika. Anayasukuma kwa ukucha. Yanazunguka. Anavua aproni, ananawa mikono, anaibeba ndege kwa viganja viwili hadi chumba cha pili.

Chumba kina kitanda, stuli na kikombe cha bati ambamo meno ya mama yanaloa. Alimtengenezea mwenyewe, lakini mama huyavaa wageni wakija tu. Vinginevyo, anasema, ni kujichosha taya.

"Mama, nimeileta."

Mama ananyoosha mikono. Kidole kinashuka tumboni, kinakutana na mguu wa mbele, kinasimama. Kinatafuta wa pili, wa tatu. Anaiweka ndege juu ya blanketi, kwenye paja lake, anaisukuma mbele, anairudisha nyuma.

"Imetua," anasema. Kisha kwa sauti ya mtu aliyekutwa hajajiandaa: "Nipeni meno yangu!"

Mkwe wake, mke wa fundi, aliyeingia nyuma yao, anakimbilia kikombe. Mama anavaa meno, anafuta mdomo, anavuta kanga kichwani na kugeuza uso kuelekea mlangoni. Mkono wake bado uko kwenye ndege. Unapanda mgongoni, unafika kwenye kioo cha rubani, unabonyeza, unajaribu kuinua kwa ukucha.

"Hapa panafunguka vipi?"

"Hapafunguki, mama. Ni kipande kimoja."

"Sasa mwanangu atatokaje?"

Mkwe anatoka na kikombe kitupu, na fundi anabaki ameshika stuli.

Dakika chache baadaye yuko mezani tena, amewasha taa ya spiriti. Kwa msumeno mwembamba kama unywele anakata kioo alichokifunga mwenyewe. Bawaba ataitengeneza kwa ule waya wa kushikia meno. Kwenye kiti cha ndege kuna mtu mdogo wa pinki mwenye kofia, kama walivyo watu wadogo katika ndege zake zote. Huyu, anasema, atamtoa.

"Nitaacha kiti wazi. Akiingiza kidole asikute mtu, atajua ameshashuka. Naomba tu anisubiri. Ni kazi ya siku mbili tatu."

Mke wake anachungulia mlangoni. "Amekataa kuvua meno," anasema taratibu. "Anasema mgeni bado hajaingia."

Fundi hainui kichwa.

"Mwambie namfungulia."