Gorogoro Arobaini

Nafuna alikuwa na kasoro moja ambayo ndugu zake walikwisha kuizoea, ila wazazi wa wanafunzi wake hawakuizoea hata kidogo: hakuweza kuona jibu lililokosewa akaliacha lilivyo. Mwalimu mwingine angelitia alama nyekundu, akaandika lililo sahihi pembeni, kazi ikaendelea. Nafuna yeye alitaka kujua limetoka wapi. Angemwuliza mtoto, amwulize tena kwa njia nyingine, kisha akae akimtazama kama mtu anayengoja chai ichemke. Kwao Bungoma walisema huyu alipozaliwa, kabla hajalia alimwuliza mkunga jina.

Shahada ya ualimu wa hesabu alikuwa nayo, kazi ya serikali hakuwa nayo, na kwa hilo hakuwa peke yake. Alipokuja Thika kukaa na binamu yake Dismas pale Kiganjo, aliandika matangazo kwa mkono, "Hesabu nyumbani kwako, mtoto ataelewa", akayabandika kwenye nguzo za stima na milango ya vibanda. Simu zilikuja. Shida haikuwa kuitwa, shida ilikuwa kuitwa mara ya pili. Mama mmoja wa Githurai 45 alimlipa siku ya kwanza, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba jirani ana mwalimu anayemaliza kurasa nne kwa saa moja, na yeye amemaliza hesabu moja. Nafuna alijaribu kumweleza kwamba hiyo moja ndiyo iliyozibeba nyingine zote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akafunga geti.

Dismas alimpenda binamu yake, lakini ni mapenzi ya mtu anayelipa kodi ya nyumba peke yake. Alikuwa msimamizi mdogo katika kiwanda cha biskuti, na wiki hiyo alikuwa amemwombea Nafuna nafasi ya kufungasha, aanze Jumatatu.

"Jumamosi jioni nataka jibu," alimwambia. "Kuna watu wanaililia hiyo nafasi. Na si wewe unapenda hesabu? Utahesabu biskuti mpaka uchoke."

Nafuna alicheka, maana Dismas alikuwa akitania. Moyoni aliogopa. Alijijua: akiingia kiwandani atatoka kila siku amechoka, matangazo yatachanika kwenye nguzo, na mwaka ukiisha atakuwa mtu aliyewahi kusomea hesabu. Hilo lilimtisha kuliko biskuti zenyewe.

Ijumaa ikaja simu kutoka Ruiru. Sauti nzito ya mwanamume ilisema anaitwa Ndambuki, anauza nafaka karibu na soko, na binti yake Mbithe wa gredi ya nane ameshindwa na hesabu.

"Kuja kesho mchana tujaribu," alisema. "Lakini nikwambie ukweli, mwalimu, nimeshajaribu wengine wawili. Ukifaa utaendelea. Usipofaa, tusipotezeane wakati."

Duka la Ndambuki lilikuwa la magunia yaliyokunjwa midomo, mahindi, njahi, ndengu na maharagwe, na nyuma yake, ng'ambo ya pazia, palikuwa na meza. Ndambuki mwenyewe, koti lake jeupe kwa vumbi la nafaka, alisalimia, akaonyesha kiti, akarudi kwa wateja wake. Mbithe alikuwa amekwisha kukaa, mikono yote miwili juu ya daftari lililofungwa.

Nafuna hakuligusa daftari. Alianza na namba tupu: sehemu, desimali, kuzidisha, kugawanya. Mtoto akajibu moja baada ya nyingine, na hakukosa hata moja. Nafuna alianza kuwashwa na udadisi wake. Huyu mtoto anashindwa na nini basi?

"Nionyeshe zile ulizokosa," alisema.

Mbithe alilisukuma daftari polepole, kama anayetoa kitu asichotaka kiguswe. Kweli alama nyekundu zilikuwapo tele. Mfanyabiashara ana gunia la mahindi la kilo tisini, analiuza lote kwa mikebe ya kilo mbili mbili. Ameuza mikebe mingapi? Mbithe alikuwa ameandika arobaini. Gunia la maharagwe la kilo arobaini na tano: ishirini. Magunia mawili ya tisini: themanini. Nafuna alizisoma tena kuanzia juu. Mtoto anayebahatisha hukosea huku na huku. Huyu alikosea upande mmoja tu, kila mara akipunguza.

"Mbithe, tisini ukigawanya kwa mbili unapata ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Na hapa umeandika arobaini. Umeitoa wapi?"

Nafuna akangoja.

"Hapo ni gunia, mwalimu," Mbithe alisema hatimaye.

Mwalimu mwenye akili timamu na haja ya kazi angesema sawa, gunia au si gunia, andika arobaini na tano, twende ya pili. Nafuna alijua hivyo. Alijua pia kwamba Ndambuki anasikia kila neno ng'ambo ya pazia. Akainuka akaenda dukani.

"Baba Mbithe, nipimie gorogoro moja ya maharagwe."

Ndambuki alimtazama kwanza, kisha akachukua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kila soko linapimia nafaka. Akachota nao guniani, akautikisa maharagwe yakae, akajaza mpaka ukingoni, halafu kwa viganja viwili akajenga kilima juu yake mpaka punje zikaanza kuporomoka zenyewe. Akamimina kwenye mfuko.

"Iweke kwa mizani, tafadhali," Nafuna alisema.

Wateja wawili waliokuwa wakichambua ndengu waligeuka. Sokoni, mgeni anayetaka gorogoro yako ipimwe tena ama ni mkaguzi wa kaunti ama ni adui yako.

"Mwalimu," Ndambuki alisema kwa sauti ya chini, "nilikuita ufundishe mtoto ama uje kunikagua?"

Masikio ya Nafuna yalipata moto. Aliona kazi ikimponyoka mbele ya macho yake, na bado alitaka kujua. "Nisamehe, Baba Mbithe. Sikushuku wewe. Ni hesabu ya Mbithe imenileta."

Mfuko ulitua kwenye mizani kwa kishindo. Kilo mbili na robo.

"Umeona? Sijaibia mtu."

"Nimeona. Na gunia la kilo tisini linakutolea gorogoro ngapi?"

"Arobaini," Ndambuki alisema. "Ukiona mtu anatoa arobaini na tano, huyo anafuta kilima cha juu na kijiti. Kwangu hakuna kufuta."

Furaha ilimpanda Nafuna mpaka kooni, na haikuwa furaha ya kazi, kwa sababu kazi aliona imekwenda. Ilikuwa ya kujua. Alipogeuka akamkuta Mbithe amesimama kwenye pazia.

"Kumbe ulijua jibu lao ni arobaini na tano."

"Nilijua."

"Mbona hukuliandika?"

Mbithe alimtazama baba yake, akainamisha uso. "Huyo wa arobaini na tano ni mchoyo. Na wanasema mfanyabiashara. Mfanyabiashara ni baba."

Nafuna hakujua acheke au alie. Alimrudisha mtoto mezani, akakaa karibu naye.

"Huyu wa kitabuni si baba yako," alimwambia. "Huyu hana mteja wa kurudi kesho, hana jirani, hana hata jina. Mkebe wake ni kilo mbili, punje haizidi. Kwa mtihani unamjibia yeye, na si dhambi. Lakini mkebe wa baba una kilo mbili na robo. Hebu gawanya tisini kwa mbili na robo."

Mbithe alishika kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akainua uso.

"Arobaini. Inatoka kamili."

"Inatoka kamili."

"Na kilima kikipungua kidogo, gunia litoe arobaini na mbili, kila mkebe utakuwa na ngapi?" Mbithe hakungoja ruhusa, alikuwa amekwisha kuinamia karatasi.

Saa yao iliishia hapo. Hesabu moja. Nafuna alikusanya kalamu zake akijiandaa kuambiwa asante, kwaheri. Ndambuki alikuwa amewaacha wateja wake akasimama kwenye pazia.

"Niambie ukweli, mwalimu. Hizo alama nyekundu zote ni za gunia?"

"Karibu zote."

"Na jibu ni langu."

"Jibu ni lako, Baba Mbithe."

Ndambuki alilichukua daftari, akafungua kurasa kwa vidole vyake vyenye vumbi, akitazama arobaini, ishirini, themanini, kila moja na mstari wake mwekundu. Akakaa juu ya gunia.

"Tangu mwaka jana huyu ananificha vitabu," alisema. "Nikajua ni uvivu. Nikamsema vibaya, hata mbele ya watu. Kumbe hakutaka nione mimi ndiye ninayetiwa makosa."

Mbithe alijifanya anagawanya, lakini kalamu ilikuwa imesimama. Dukani mteja aliita, Ndambuki hakuitika. Alilifunga daftari, akalirudisha mbele ya binti yake taratibu, akauacha mkono wake begani pake.

"Kuja Jumanne na Alhamisi," alimwambia Nafuna. "Jumanne mimi nafunga mapema. Nikikaa hapo pembeni nisikilize, nitawasumbua?"

"Hutatusumbua."

Nafuna hakuwa amefika mbali na duka simu ilipolia. Alikuwa Dismas.

"Sema, dada. Niwaambie unakuja Jumatatu?"

"Hapana. Hiyo nafasi wape mwingine."

"Umepata wanafunzi wangapi huko?"

"Mmoja."

Dismas alivuta pumzi. "Mmoja tu, Nafuna?"

"Mmoja," alisema, "na baba yake."