Kituo cha Polisi cha Mabua

Jumamosi iliyopita tulimzika dada yangu hapa Mpemba. Alinizidi miaka miwili, na nyumbani hatukuwa na mtoto mwingine. Jumatatu, wageni walipopungua, Bibi akanituma nishushe mahindi ya mbegu kutoka darini jikoni. Nyuma ya mahindi nikakuta kituo chetu cha polisi.

Kilikuwa cheusi kwa masizi, lakini kizima. Kama ulikulia huku, unajua: mbegu hukaa juu ya moto ili moshi ufukuze dumuzi. Siku hizi wengi wananunua mbegu dukani, Bibi bado. Na kituo chetu alikihifadhi vilevile, kama mbegu.

Tulikijenga kwa somo la kazi ya mikono shuleni; tulisoma darasa moja, kwa kuwa dada alichelewa kuanza. Mwalimu alisema tutengeneze jengo linalolinda watu. Wenzetu walifinyanga zahanati. Sisi tukachagua kituo cha polisi cha mjini Tunduma, kwa sababu baba alikuwa amelala mle siku mbili kwa kuvusha mahindi kwenda Zambia wakati imekatazwa. Bibi alimpelekea ugali na maharage, bakuli limefungwa kwa kitenge. Dada aliingia naye. Mimi niliachwa nje nikilinda baiskeli, nikisikiliza honi za malori kwenye foleni ya mpakani. Kwa hiyo mambo ya ndani aliyajua yeye.

Tulimenya mabua mpaka maganda yakatukata vidole. Misumari ilikuwa miiba, paa lilikuwa boksi la sabuni, la kufunua. Chumba cha mahabusu alikijenga dada peke yake, na komeo akaliweka ndani.

Mwalimu alifunua paa, akacheka.

"Sasa huyu mwizi si atatoka akanywe chai, arudi?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Nani kaweka hili?"

"Ni yeye, Mwalimu," nikasema. "Mimi sikugusa."

Ilikuwa kweli. Sijui kwa nini ukweli ule uliniuma. Dada hakunitazama. Njiani aliniuliza tu kama nina njaa. Tangu hapo nilitaka kumwomba radhi, nikawa naona aibu kumkumbusha jambo dogo hivyo, hadi Jumamosi.

Basi Jumatatu nikafunua paa. Komeo liko nje. Ndani yamebaki matundu mawili ya miiba.

"Bibi, nani alilihamisha komeo?"

"Komeo gani, mke mwenzangu?"

Nikamsogezea. Akalitazama kwa jicho lake moja linaloona.

"Mmoja wenu alikuja hapa analia, akaniomba mwiba. Si wewe?"

"Sikumbuki, Bibi."

"Basi ni yeye. Au wewe. Nyie mlikuwa mnalia kwa sauti moja."

Kama ni dada, aliacha alichokiamini kwa sababu yangu. Kama ni mimi, nilimfungia baba yetu mlango kwa mkono wangu, wala sikumwambia dada. Nimejaribu kuukumbuka ule mwiba. Mara nauona kwenye vidole vyangu, mara kwenye vyake. Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu.

Nililichomoa komeo taratibu, nikalirudisha ndani, kwenye matundu yale yale. Miiba iliingia bila kusukumwa.

"Haya, kirudishe juu," Bibi akasema, "moto bado unawaka."

Nikapanda, nikakirudisha.