Vidole Viwili Chini ya Kifuniko

Kwa siku tatu swali moja lilininyima usingizi: yale makopo manne ya wino niliyokwisha kuwapa watu, nikayachukue kabla hayajaharibu kitu, au ninyamaze kwa kuwa hayajaharibu kitu?

Mdogo wangu, wewe unayemaliza shule ya ufundi mwaka huu, umri wangu hauniruhusu kukuita mwanangu. Sina mvi hata moja. Lakini kosa ninalo tayari, la kwangu mwenyewe, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko ulitafute kwa mikono yako.

Nakumbuka Jumatatu ile kwenye sekretaria ya Mama Zuhura, upande wa soko la Rumonge. Sekretaria unaijua: chumba kidogo, printa moja, na watu mlangoni wenye barua za kupigwa chapa. Wino wa printa ile ni unga mweusi, laini kuliko unga wa muhogo. Tunauita tona, nao hukaa ndani ya kopo la plastiki. Unga ukiisha, kopo hutupwa na jipya huagizwa Bujumbura. Wengine hulitoboa kwa msumari wa moto, hujaza, kisha huziba tundu kwa selotepu. Selotepu ikiachia, mashine nzima hugeuka kama jiko la mkaa.

Mimi nilitaka kopo la kujazwa tena na tena, lenye shingo na kifuniko cha kuzungusha. Nilichora michoro kumi na mitatu. Kila nilipomaliza mmoja niliona namna kopo lake litakavyoharibika, nikaanza mwingine. Unga ukiruka? Mtu akifungua kwa haraka? Kifuniko kikipotea?

"Bwana enjenyeri," Mama Zuhura aliniambia, "hiyo kopo utaichora mpaka mimi nizikwe? Mashine iko inangoja."

Basi nikatengeneza. Shingo niliikata kwenye chupa ngumu ya plastiki, nikaigandisha juu ya kopo la zamani. Chini ya kifuniko niliweka pete niliyoikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nilitengeneza matano. Moja nikamwekea Mama Zuhura, mawili nikayapeleka kwenye sekretaria za Kigwena, moja Bugarama, na la mwisho Muhuta, kwa Mzee Balthazari, ambaye alicheka kwanza ndipo akanikaribisha.

Nimewaza yote, nilijiambia. Sikuwa nimewaza jambo moja, kwa kuwa kwetu hakuna anayeliwaza. Nimekulia nyuma ya meza ya bibi yangu anayeuza mawese. Tangu utoto najua kwamba muuzaji anayekuachia nafasi shingoni mwa chupa anakuibia. Chupa ya mteja hujazwa mpaka mdomoni, tena huongezwa tone juu ili moyo wake utulie. Hivyo ndivyo nilivyoyajaza makopo yale yote, mpaka mdomoni, nikigonga-gonga ubavuni unga ushuke ili niongeze tena. Nilijiona mtu mwaminifu.

Jumatatu ile mkurugenzi wa shule ya msingi alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja mitihani ya darasa la sita. Karatasi za kwanza zilitoka zimefifia. Zilizofuata zikatoka na mstari mweusi katikati. Kisha mashine ikaguna, na wingu jeusi likatoka ubavuni, likatua kwenye mtandio mweupe wa Mama Zuhura.

Hakupiga kelele. Alijitazama, akanitazama.

"Ewe mutoto," alisema, "ulinijazia wino ao ulinijazia baruti?"

Mkurugenzi aliondoka mikono mitupu. Siku hiyo walimu waliandika mtihani ubaoni kwa chaki, na watoto wa nyuma wakalalamika kwamba hawaoni. Mimi nilishinda na brashi na kitambaa kikavu ndani ya mashine, na nilipolitoa kopo nikaona kilichotokea. Ndani kuna parafujo inayozunguka ikisukuma unga. Unga nilioushindilia haukuwa na pa kucheza. Ulisukumwa ukagandamana, mwishowe ukatafuta mahali dhaifu, nako ni kwenye pete yangu ya mpira.

Hapo ndipo swali lilipoanza. Mengine manne yalikuwa yanafanya kazi. Hakuna aliyelalamika. Nikienda kusema, nitakuwa kijana aliyewauzia watu takataka. Nisipokwenda, labda yatadumu. Labda. Siku tatu niliipima labda hiyo.

Siku ya nne nilimkuta bibi anafunga bidoni, yale madumu ya mawese ya kupelekwa Bujumbura kwa lori. Nilimweleza yote, kwa urefu, kama ninavyoeleza kila kitu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anaingiza vidole viwili kwenye mdomo wa kila bidoni, na palipokuwa pamejaa, alipunguza.

"Bibi, mbona hizo unazipunguza?"

"Hizi ziko za safari. Asubuhi mafuta imelala. Jua ikipiga juu ya lori, inaamka, inavimba, inatafuta njia. Usipoiachia nafasi, inasukuma kifuniko." Ndipo akaniangalia. "Chupa ya mezani unajaza. Ya safari unaachia. Hiyo kitu yako iko inakaa ao iko inatembea?"

"Inazunguka, bibi."

"Sasa miaka yote umekaa hapa nyuma yangu, ulikuwa unaangalia nini?"

Aliendelea kufunga, kisha akasema kama anayeagiza chumvi: "Na hao watu wengine wanajua?"

"Bado."

"Basi simama hapa uniangalie mpaka jioni, hawatajua."

Nilipanda pikipiki. Nilianza na Muhuta, maana huko ndiko nilikoogopa kuliko kwingine. Mzee Balthazari alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Lakini yangu iko inafanya kazi muzuri!"

"Ndiyo, mzee. Kwa leo."

Nilitandika gazeti, nikalitoa kopo, nikamwonyesha pete ya mpira. Upande mmoja ilikuwa imeanza kutoka nje, imejaa unga. Aliinama akaitazama muda mrefu. Safari hii hakucheka. Nilipunguza unga, nikabadilisha pete, na kwa msumari nikachora mstari ubavuni mwa kopo, vidole viwili chini ya kifuniko. "Usipite hapa," nikamwambia, "hata ukiona kwamba unajipunja."

"Murakoze," alinishukuru. "Kesho pitia Bugarama mapema, yule mwenye kopo la huko anafungua saa moja."

Nilipitia, kisha nikashuka Kigwena. Leo kila kopo ninalolitengeneza huanza na mstari ule, kabla ya shingo, kabla ya kifuniko.

Mdogo wangu, nasaha yangu ni hii. Ukitengeneza kitu, uliza kwanza kitakaa au kitatembea, na usidhani uaminifu wa meza moja unatosha kwa meza nyingine. Ukigundua umekosea, usingoje kosa likutangulie kwa watu. Nenda wewe, tena anzia kwa yule unayemwogopa. Kuwaza ni kuzuri, nami bado nawaza kupita kiasi, lakini siku tatu zangu hazikukaza pete hata moja.

Mwenyezi Mungu akujaze kazi, akujaze akili, akujaze watu wema, na kila anapokujaza akuachie vidole viwili vya kupumulia.