Simu ya Jikoni

Nianze na aibu yenyewe, maana nikizungukazunguka nitaanza kujitetea: kwa miezi mitatu nilisikiliza simu za bibi niliyekuwa nikimtunza. Ilikuwa Toronto, miaka ya tisini, na sikuwa mtoto. Nilikuwa mama mzima, na kanisani nikikaa safu ya mbele.

Bibi alikuwa na miaka sabini na kitu, miguu imemchoka, akili kali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa opereta wa simu jeshini, huko Uingereza. Walikaa wanawake wanane kwenye chumba cha chini ya ardhi, kila mmoja na nyaya zake, wakiwaunganisha maofisa. Sheria yao, aliniambia, ilikuwa moja: unaunganisha, unasikiliza kidogo kuhakikisha wale wawili wanasikiana, halafu unatoka. Nilimwitikia "ee, Bibi" huku nikimkanda miguu, wala neno hilo halikuniingia.

Binti yake aliishi Markham, mji wa jirani, na alipiga simu kila siku saa nne asubuhi. Bibi alipokelea sebuleni. Siku moja, mwezi wa Oktoba, nilidaka maneno "kuuza nyumba". Barua ya kazi aliyonisainia Bibi ndiyo iliyokuwa kwenye fomu za kumleta mwanangu kutoka Tanga. Nyumba ikiuzwa, Bibi anapelekwa kwenye makazi ya wazee, na kitumbua changu kimeingia mchanga. Kesho yake simu ilipolia, nikainua ya jikoni polepole, nikaifunika sehemu ya kusemea kwa kitambaa cha vyombo.

Basi nikanogewa. Nikisikia chai yangu ina maziwa mengi, kesho napunguza. Nikisikia anapenda pazia lifunguliwe nusu, kesho nafungua nusu, najiona mjanja kweli. Kumbe alikuwa ananitega. Hilo la pazia alilitunga tu.

Januari, binti akasema, "Mama, ikifika Aprili tuiuze." Pumzi ikanitoka kwa nguvu.

"Nani yuko kwenye laini?"

"Hakuna mtu," Bibi akamjibu. "Laini mbovu."

Alipokata, akaniita. Nikaenda na kitambaa mkononi, natamani ardhi ipasuke. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza. Mtu wa tatu akiingia kwenye laini sauti hupungua, kama maji ya bomba jirani anapofungua lake, na sikio la opereta halisahau. Kisha akanisimulia habari za msichana aliyekaa kiti cha pembeni yake vitani. Huyo alichelewa kutoka kwenye laini za watu, akitafuta habari za kikosi cha mchumba wake. Bibi ndiye aliyemshtaki, na msichana akafukuzwa siku ileile.

"Nilijiona askari hodari," alisema. "Nimejuta miaka yote hii. Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, nami nikasema, "Nilikuwa nafuta vumbi kwenye simu, Bibi."

Akasema, "Sawa." Kusikiliza kwangu naweza kukueleza. Uongo ule, mbele ya mtu aliyekwisha kunifichia siri, sina la kuusemea.

Kesho yake simu ilipolia hakuigusa. "Nenda ukainue ya jikoni," alisema. "Nikisikia umeingia, nitaanza."

Nikaenda, nikainua. Nikamsikia akisema, "Leo tuko watatu. Huyu anamsubiri mwanawe. Nyumba haiuzwi mpaka huyo mtoto afike. Kama una neno, mwambie mwenyewe, anakusikia."

Kisha sauti ya binti, kwa upole ambao sikuutegemea: "Uko hapo?"

Nilikuwa nazijua dawa anazomeza binti huyo na siku aliyolia kwa ajili ya mumewe. Yeye hakujua hata sauti yangu. Nikafungua mdomo nimwitikie, na hata "ndiyo" haikutoka.