Mmeona Wenyewe

Siku ya kwanza kumwona Winfred alinijia na swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 2011, kwenye kiwanja cha vumbi Muaither, tulipokuwa tunachezea ligi yetu sisi Waafrika Mashariki wa Doha. Mimi ndiye nilikuwa mtangazaji. Msinifikirie vibaya: nilipewa kazi hiyo kwa sababu spika ilitumia betri ya gari nililokuwa naendesha. Betri ilikuwa na sifa kunizidi.

Darasa langu la saba halikunifundisha kusema mbele za watu. Bao likifungwa nilisema, "Bao. Mmeona wenyewe." Mtu akivunjwa mguu nilisema, "Pole. Mmeona wenyewe."

Akaja dada mmoja Mkenya, bado yuko ndani ya sare ya ulinzi, simu ameinyoosha kuelekea kwenye spika.

"Kaka, kama tumeona wenyewe, wewe uko hapa wa nini?"

Nikajifanya narekebisha waya wa spika.

"Huyu kwa simu ni Husna," akasema. "Anafanya kazi za ndani Al Wakrah, Ijumaa haruhusiwi kutoka. Tangu saa tisa amesikia upepo, na wewe ukikohoa."

Simu ikaitika kwa sauti ya Kiunguja: "Na kukohoa kwenyewe, kaka yangu, hujui!"

Nikampa maiki kama mtu anayetua gunia.

Winfred alikuwa mlinzi wa maduka, na kutwa aliripoti kwa kontroli, chumba cha wakubwa wake, kwenye redio ya mkononi. Hakujua namna nyingine ya kutangaza. "Kontroli, kontroli! Geti la kushoto, mtu mmoja, jezi nyekundu, anaingia bila kitambulisho! Beki, msimamishe! Amepita! Kipa, fungia mlango... Kontroli, tumeibiwa!" Wachezaji wenyewe walisimama kucheka. Hatukuwahi kusikia mwanamke akitangaza mpira, na hatukuwahi kuuona mpira vizuri hivyo.

Ijumaa zilizofuata mimi nilibaki na betri. Simu ziliongezeka, za wadada wa Muaither kwenyewe, wa Al Wakrah, wengine sikujua wako wapi. Winfred alizipanga juu ya boneti ya gari langu, akizisemesha moja moja: "Cheryl, timu yako ya hoteli inakuaibisha."

Mwaka 2013 fainali ikatangazwa kuwa na wageni waheshimiwa. Winfred aliitaka fainali ile. Alibadilishana zamu mara tatu ili aipate. Lakini Idrisa, mwenyekiti wetu, mpishi kwa kazi, akatuita wanakamati chumbani kwake Al Mansoura.

"Wageni watatuonaje, mwanamke kwenye spika? Haya, anayetaka Winfred atangaze, mkono juu."

Tulikuwa watano pamoja naye. Miwili ikapanda. Wa tatu ulikuwa wangu. Naapa ulianza kupanda. Ulifika sikioni, Idrisa akaniangalia, nikajikuna sikio.

"Wawili tu," akasema Idrisa, akininyooshea kidole. "Atatangaza Faraji."

Winfred aliniuliza ni akina nani hawakunyoosha mkono. Nikamwambia sikuangalia vizuri. Mtangazaji mzima!

Siku ya fainali alisimama nyuma ya kamba, simu zake mkononi. Mimi nilianza vizuri kabisa: "Mpira umeanza." Nikanyamaza dakika nane. Upepo ukainuka, vumbi likafunika kiwanja, wageni wakafumba macho. Kelele zikatoka golini.

"Bao," nikasema. "Mmeona wen..."

"Hatujaona!" kiwanja kizima kikapiga kelele.

Hapo ndipo nikaelewa anavyoishi Husna kila Ijumaa. Nikasema sentensi pekee ndefu ya maisha yangu, na spika ikaifikisha hadi kwa wageni: "Jamani, mkono uliokosekana juzi ulikuwa wangu, niliogopa, na maiki hii ni ya Winfred."

Idrisa akasimama. Winfred alikuwa ameshapita chini ya kamba. Akachukua maiki bila kuniangalia. "Kontroli, samahani kwa kuchelewa," akasema. "Hali ya hewa ni mbaya, lakini mwizi nimemwona." Mgeni mmoja alicheka hadi kofia ikamwanguka. Idrisa akakaa.

Tangu siku ile hakuna fainali iliyoanza bila yeye. Ligi za Waganda na za madereva wa Al Wakrah zilimwita, na wadada wawili walijifunza kwake. Siku moja, kumbe wanakamati walishamsimulia, aliniambia, bila kugeuka, kwamba sikio langu linawasha kwa wakati mbaya. Nikajua nimesamehewa.

Mkataba wake uliisha mwaka 2017. Asubuhi nilimpeleka uwanja wa ndege, na njia nzima niliandaa maneno ya kumuaga. Tulipofika nikasema, "Haya, dada."

Akashusha begi, akanikabidhi maiki yake ya zamani iliyozungushiwa plasta.

"Ijumaa nitapiga simu, Faraji," akasema. "Na usithubutu kuniambia nimeona mwenyewe."