Mlango wa Karatasi

Mume ni seremala, lakini siku hizi kiti kikizidi kiberiti kwa ukubwa hakimhusu. Anajenga nyumba ya mwanasesere ya Kijapani, na mikeka yake anaisuka kwa njiti za ufagio wa mkewe, hadi ufagio umebaki kipara. Mlango wa jikoni huu mwaka wa pili unakwama. Mke huufungua kwa goti. Mume akishika gundi hubana pumzi na kuinua kiganja: “Mama watoto, usipite, upepo!” Leo mke alisubiri na ndoo mkononi mpaka bega likamuuma, akapita. Akainama, akausukuma kwa kidole mlango wa karatasi wa ile nyumba ya mwanasesere. Ukateleza bila hata mkwaruzo.

“Umeona?” mume akauliza, macho yanang'aa.

“Nimeona. Kumbe unaweza.”